Maisha ya Bernadetha Mogesi, Mama wa Saluni ya Mbwa

Wazee wetu shikamooni, ndugu, majirani wa Nkende na wote mliofika hapa Nyamwaga kutushika mkono, familia inawasomea kwa uchungu maisha ya mpendwa wetu Bernadetha Mogesi, kama tulivyoyajua na kama alivyotusimulia mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 katika kijiji hiki, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mogesi, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akaendelea na sekondari Musoma hadi mwaka 1984, kisha akasomea mifugo na kupata cheti mwaka 1987. Januari 1988 aliajiriwa kuwa afisa mifugo msaidizi huko Mugumu, wilayani Serengeti, akazunguka vijijini kwa baiskeli akichanja ng'ombe, na wafugaji walioanza kwa kumcheka kwamba ni mwanamke, baadaye walikuwa wakimfuata hadi nyumbani alfajiri.

Tarehe 23 Desemba 1989 alifunga ndoa na Mwalimu Felix Nchagwa, ambaye alitutangulia mwaka 2016, na Mungu akawajalia watoto watatu, Desderius, Eunice na Rabson. Aprili 1999 Desderius, akiwa na miaka minane, aling'atwa mguuni na mbwa mzururaji akitoka shuleni, na kwa kuwa kidonda kilikuwa kidogo, naye aliogopa kuchapwa kwa kupita njia aliyokatazwa, akakificha kwa soksi wala hakumwambia mtu, hadi alipoanza kuogopa maji, dalili ya kichaa cha mbwa, na tarehe 6 Juni akafariki mikononi mwa mama yake. Bernadetha alihamia Tarime mwaka uliofuata, akaendelea na kazi, lakini waliomjua wanasema kwa muda mrefu hakuweza kufua soksi za watoto wake wengine.

Alistaafu kwa hiari tarehe 31 Agosti 2021, na Oktoba 4 mwaka huohuo akafungua pale Nkende, Tarime mjini, duka la kuogesha mbwa, kuwachana manyoya, kuwakata kucha na kuwatoa kupe, ambalo watu wa mjini waliliita saluni ya mbwa. Mbwa wawili hawakuwa wateja, walikuwa wenyeji: Afande, aliyeachwa na bwana wake alipohamishwa kikazi, na Bibi Harusi, mweupe mwenye miguu mitatu, aliyegongwa na bodaboda Nyamongo akaletwa ndani ya gunia, watu wakisema hafiki jioni.

Kazi hiyo ya mbwa ilimuuma sana mdogo wake Werema, ambaye ndiye aliyemchimbia Desderius kaburi, akaenda dukani na kumwambia mbele ya wateja, "Dada, mbwa alituulia mtoto, leo wewe unamchana nywele?" Bernadetha akamjibu, "Yule naye aliugua, Werema, hakuna aliyempeleka chanjo. Hawa wangu nimewapeleka." Werema akaondoka, na kwa miaka miwili na miezi minne hakukanyaga kwa dada yake.

Watoto wa Nkende walifika kila siku kucheza na wale mbwa, naye hakuwaruhusu kuwagusa mpaka waitikie kwamba aking'atwa mtu popote, atasema, na hatachapwa. Tarehe 17 Februari 2024 Naomi, mjukuu wa Werema, aling'atwa na mbwa asiyejulikana karibu na soko, hakukimbilia kwao, alikimbilia saluni, na Bernadetha akaosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba robo saa nzima, akampakia kwenye bodaboda hadi hospitali, akahakikisha anapata chanjo zote hadi ya mwisho. Naomi yuko hapa, amekaa na bibi yake. Jioni ya siku ile aliyong'atwa mjukuu wake, Werema aliingia saluni, akakaa kwenye benchi la wateja, Bibi Harusi akamlalia miguuni, naye akauliza tu, "Dada, huyu anakula nini?"

Novemba 2024 marehemu alianza kushindwa kumeza chakula, akatibiwa Tarime na kisha Mwanza, ambako ilibainika kuwa ni saratani ya koo la chakula, na kila siku alimpigia Lilian, msaidizi wake, kuuliza kama mbwa wamechanwa. Aliomba kurudishwa nyumbani, na Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, akafariki, Eunice akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha, wafanyakazi wenzake wa mifugo, na wateja waliofika na mbwa wao hadi getini kuuliza hali yake. Saluni haitafungwa, Lilian ataendelea nayo, na Werema ameomba mwenyewe kuwa ndiye atakayewapikia Afande na Bibi Harusi.

Ameacha watoto wawili na wajukuu watano. Dada Bernadetha, umechoka, pumzika sasa, Mungu akupokee kwa amani.