Erupe Lokaale na Mlio wa Nyuma ya Gari

Ejok, salamu kwenu nyote mliofika Lodwar kumsindikiza ndugu yetu. Gabriel Erupe Lokaale alizaliwa Kaaleng tarehe 9 Aprili 1974, mvua ikinyesha, ndiyo sababu ya jina lake la Erupe, akasoma shule ya msingi huko huko hadi mwaka 1989, kisha akaja hapa mjini kujifunza kuchomelea vyuma.

Mwaka 1997 alifungua gereji Kakuma pamoja na Baudouin, fundi mkimbizi kutoka Kongo ambaye leo ameketi nasi hapa mbele. Kazi iliyowapa jina ni ile ambayo wengine waliifanya ovyo, ya bati la chini ya buti, pale linaposhikilia fremu ya magurudumu ya nyuma, maana matuta ya barabara na mizigo ya kwenda mpakani Nadapal vililipasua. Wengine walibandika kiraka juu ya ufa, wakapaka rangi, gari likaenda zake. Erupe alishusha fremu yote, akatoboa tundu mwisho wa ufa ili usiendelee, akachomelea, akaongeza bati nene na kubadilisha bushi, zile raba za maungio, zilizokwisha, na mteja mwenye haraka Erupe alimwambia apeleke gari kwa fundi wa rangi. Alisema kila siku, “Sikiza, hii gari inalia.” Hakuna mtu ambaye Erupe alimchukia kama dereva anayesikia kitu kinagonga nyuma halafu anaongeza sauti ya redio.

Alifunga ndoa na Nabei kanisani Kakuma tarehe 14 Agosti 1999, Mungu akawajalia watoto watatu, Ekuru, Amuria na Nelly.

Mwezi Juni 2024 chakula kilianza kumkwama kooni. Nabei alimwona akisukuma ugali kwa maji, akimuuliza anaambiwa ni joto, akiuliza tena mumewe anaanzisha kisa cha wateja na kucheka kwa nguvu, na kinachomuuma Nabei mpaka leo ni kwamba naye alicheka. Walipofika hospitali tarehe 3 Desemba, saratani ilikuwa imeshasambaa. Erupe alimuuliza daktari kama hakuna hata sehemu moja nzima ya kushikilia kiraka, daktari akainama, naye akaelewa kabla ya mkewe. Tangu hapo Nabei alibaki kumshikia kikombe cha uji asioweza kumeza, hana la kufanya, na sisi sote hatukuwa na la kufanya. Erupe alituacha nyumbani hapa Lodwar, asubuhi ya tarehe 21 Februari 2025.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea maji bila kuombwa, na mafundi wa Kakuma waliofunga gereji zao leo. Elijah, mteja wake wa mwisho, gari lako bado liko juu ya mawe kule gereji, upande mmoja umekamilika na mwingine haujaguswa, tafadhali usije kulivuta, Baudouin atalimaliza.

Pumzika kwa amani, baba Ekuru. Redio tumeizima, tunasikiza.