Koti la Vibanio la Mzee Kasiani

Mtukufu Mwene, chifu wetu, ambaye picha yako pale barazani inatutolea macho hata siku ambazo wewe mwenyewe umesafiri. Bwana Mchungaji na mama mchungaji. Bwana Karani wa Baraza. Wazee wa kanisa wa Isansa na Itaka. Wakwe zetu mliovuka mpaka tangu jana mkalala Tunduma ili mfike hapa na nguo zisizo na vumbi. Nanyi wateja wenzangu, mlio na picha zenu ukutani, na ninyi ambao picha zenu bado zinasafishwa tangu mwaka juzi: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu mara mbili.

Mimi ni Aida binti Simbeye, mke wa Luka Nzowa wa hapa hapa Isansa. Leo tumekusanyika kumuaga kazini Mzee Kasiani Mwampashi, ambaye kwa miaka ishirini na mitano amezunguka nchi hii na baiskeli yake, kamera imefungwa nyuma, miguu yake mitatu imefungwa ubavuni, akipiga picha za watu kutoka Itaka hadi Tunduma bila kuajiriwa na mtu yeyote. Mwaka huu wa 1956 magoti yake yamegoma. Ameamua kupumzika, nami nimechaguliwa kusema kwa niaba ya wateja. Kwa nini mimi? Wazee walisema, "Aida ndiye aliyeponea chupuchupu." Ni kweli, na mkiniruhusu nitawaeleza.

Wengi wenu mnalijua sanduku la bati la Mzee Kasiani. Vijana huenda hamlijui. Ndani yake mlikuwa na vitu vya kumsaidia mteja apendeze: koti jeusi, tai nyekundu, saa ya mkononi isiyokwenda, miwani isiyo na vioo, na kitabu kinene cha Kizungu. Koti lile lilitoka kwa Mzungu mmoja mnene aliyerudi kwao, na kwa unene ule, ndugu zangu, wanaume wawili wa Isansa wangeweza kuingia humo na bado wakapata nafasi ya mbuzi. Mzee Kasiani alifanyaje? Alimvika mteja, akaenda nyuma yake, akakusanya nguo yote iliyozidi, akaibana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Kwa mbele ulimwona bwana mkubwa. Kwa nyuma ulimwona nungunungu. Lakini kamera hutazama mbele tu, na kosa lilianzia hapo.

Mwaka wa 1937 Luka alitaka kunioa. Kwetu ni ng'ambo, upande wa Rodesia ya Kaskazini, na wazazi wangu hawakumjua. Luka akaona njia nzuri ni kutuma picha. Akapiga yake, akampigisha baba yake, Mzee Osea, akampigisha na baba yake mdogo, Raphaeli. Picha tatu, wanaume watatu, kila mmoja na koti jeusi, tai, na saa. Zilipofika kwetu, zilizunguka nyumba kumi kabla sijaziona mimi niliyetumiwa.

Aliyekuwa na neno la mwisho kwetu alikuwa Shangazi Marita, dada mkubwa wa baba yangu. Alizipanga zile picha juu ya mkeka, akazitazama kwa muda mrefu.

"Makoti matatu," akasema. "Katika nyumba moja. Awe, mukwai! Hapana, jamani! Watu hawa lazima nikawaone kwa macho yangu."

Akatuma ujumbe Isansa: Jumamosi ijayo tunakuja.

Je, mnaweza kufikiria ujumbe ule ulivyopokelewa? Mama mkwe wangu, marehemu Jenista, alinisimulia baadaye. Mzee Osea akasema, "Luka, kawaambie nimekufa." Luka akasema hapana, akapanda baiskeli hadi Itaka kumtafuta Mzee Kasiani. Hakumlaumu, alimsihi tu: "Kaka, njoo na koti."

Mzee Kasiani angeweza kukataa. Angeweza kusema kazi yake ilikwisha picha ilipokauka. Wangapi kati yetu tukishamaliza kazi ya mtu tunataka tena kuonana naye? Lakini yeye alikuja, na koti, na vibanio vyote kumi na viwili, na mpango pia alikuja nao. Mpango wenyewe ulikuwa hivi: Mzee Osea aingie sebuleni na koti, awasalimu wageni, atoke kwa mlango wa nyuma. Koti livuliwe uani, avikwe Raphaeli. Raphaeli aingie, asalimu, atoke. Kisha Luka. Nyumba moja, koti moja, na wageni wasijue lolote.

"Na mgongo?" Mama Jenista aliuliza. "Wakigeuka, wageni wataona vibanio."

"Wasigeuke," akasema Mzee Kasiani. "Watoke kinyumenyume."

Jumamosi tukafika: Shangazi Marita, mama yangu, na mimi, niliyekuja kumshika Shangazi mkono kwa sababu ya goti lake. Kwa desturi zetu mkwe hatazamani na baba mkwe, basi nilikalishwa nyuma ya Shangazi, nimefunikwa kitambaa, uso ukutani. Namshukuru Mungu kwamba panya walikuwa wamekitoboa kitambaa kile mahali pazuri, nikachungulia kwa pembeni.

Mzee Osea akaingia. Ee, alipendeza! Akasalimu taratibu, akauliza habari za safari, za mvua, za mahindi, kisha akasema, "Wakwe zangu, nina ng'ombe mgonjwa." Akaanza kurudi nyuma. Alirudi hatua kwa hatua, anainamisha kichwa, anatabasamu, mkono mmoja unapapasa mlango nyuma yake. Akakosa mlango, akagonga ukuta. Akasogea kushoto, akagonga mtungi. Akasogea kulia, akapotea.

Mama yangu akamnong'oneza Shangazi, "Mbona anatoka hivyo?"

"Ni heshima," Shangazi akanong'ona. "Hawa Wanyiha hawampi mgeni mgongo. Jifunze."

Kumbe na mama yangu alijifunza kweli! Alipokwenda nje mara moja kwa haja zake, naye alitoka kinyumenyume, akamkanyaga kuku wa Mama Jenista. Jenista, kwa kutaka kumwonyesha mgeni heshima ileile, naye akarudi nyuma kumpisha. Wanawake wawili wazima walizunguka ua mzima kinyumenyume, kila mmoja anamwambia mwenzake, "Tangulia wewe."

Sasa ikafika zamu ya Raphaeli. Bwana Mchungaji, Raphaeli ni mzee wako wa kanisa leo, yupo pale mstari wa mbele na ameniruhusu kusema. Mwaka ule alikuwa na mafua. Aliingia vizuri, akaketi vizuri, Shangazi akapewa chai ya maziwa. Raphaeli akafungua kinywa kusema "karibuni", na badala ya "karibuni" ikatoka chafya moja iliyoamsha mbwa wa Isansa yote. Mgongo ukatanuka. Vibanio vikaachia, pa, pa, pa! Kimoja kilipaa juu ya kichwa chake na kutua ndani ya kikombe cha Shangazi Marita. Koti likafunguka likamfunika Raphaeli hadi magotini. Kichwa chake kilizama ndani ya kola, tukabaki kuona masikio.

Shangazi akaingiza vidole viwili katika chai, akakitoa kibanio, akakikung'uta.

"Na hiki," akauliza, "ni cha desturi gani?"

Kabla Raphaeli hajapata jibu, Luka, aliyekuwa uani akisubiri koti, alisikia vibanio, akadhani ameitwa. Akaingia na fulana yenye matundu. Nyuma yake Mzee Osea, naye na fulana, akija kumvuta Luka. Wanaume watatu wa picha tatu, wote mbele ya Shangazi, na koti ni moja.

Mama yangu akasimama, akachukua kikapu chake. "Wifi, twende. Hawa ni waongo."

Ndugu wageni waalikwa, sasa nacheka. Siku ile sikucheka. Nilikuwa nampenda Luka. Nilikuwa nimeonana naye mara mbili tu, sokoni Tunduma, na mara zote mbili alikuwa na fulana ileile yenye matundu, na nilimpenda nayo. Nikaona ndoa yangu inatoka mlangoni, tena safari hii inatoka uso mbele.

Hapo Mzee Kasiani akajitokeza. Angeweza kukaa kimya kule uani. Baiskeli yake ilikuwa tayari. Aliingia, akapiga magoti mbele ya Shangazi.

"Mama, kosa ni langu. Koti ni langu. Watu hawa ni wakulima wa kweli, nyumba yao ni hii mnayoiona. Mimi ndiye niliyewaongezea ukubwa."

Shangazi akamtazama. "Wewe si ndiye uliyempiga picha Aida wetu pale Tunduma?"

"Ndimi, mama."

"Mh," akasema Shangazi. Alisema hivyo tu, na mimi chini ya kitambaa nikaanza kutoka jasho.

Kwa maana hata mimi nilikuwa nimemtumia Luka picha. Na katika picha ile nilikuwa nimevaa miwani, nimeshika kitabu kinene cha Kizungu, uso wa mtu aliyesoma mpaka amechoka. Luka aliwatangazia watu wote kwamba anaoa msomi. Nami sikujua hata kuandika jina langu. Baadaye mwalimu mmoja alitusomea jina la kitabu kile: kilihusu minyoo ya kondoo.

Ningefanya nini? Ninyamaze, wenzangu wafedheheke peke yao? Desturi ilinikataza kusema mbele ya baba mkwe. Nikamwambia ukuta. Niliusemesha ukuta kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie.

"Miwani yangu haikuwa na vioo. Na kitabu sikukisoma. Sijui kusoma."

Nikasikia Luka anavuta pumzi. Kisha akasema, "Afadhali."

"Afadhali nini?" Shangazi akauliza.

"Barua zangu zote aliniandikia karani. Nilikuwa naogopa akija ataniuliza maneno niliyoandika."

Shangazi Marita akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Kumbe ni kicheko, kikipanda polepole kama maziwa jikoni, hata kikamwagika. Alicheka mpaka akamshika Raphaeli begani asianguke, na Raphaeli akapiga chafya tena.

"Keti," akamwambia mama yangu. "Waongo kwa waongo. Tumewapata wenzetu." Kisha akamgeukia Mzee Kasiani. "Nawe nakutoza faini. Toa kamera. Utupige sote, hivihivi tulivyo, na sanduku lako ukalifungie huko nje."

"Mama, angalau tai..."

"Awe!"

Wakasimama mbele ya nyumba: Mzee Osea na fulana, Luka na matundu yake, Raphaeli na pua nyekundu, Mama Jenista na mama yangu wameshikana mikono, mimi pembeni nimegeuza uso kama ilivyopasa. Shangazi katikati. Wakati ule, wazee mnakumbuka, ilibidi mtu atulie kama gogo mpaka kamera imalize. Wote walitulia. Shangazi hakuweza. Kila alipofunga mdomo, alikumbuka kibanio.

Mwezi uliofuata Mzee Kasiani alivuka mpaka kwa baiskeli kuleta ile picha, na alikuwa na aibu. "Mama, umeharibika. Uso umekuwa kama moshi. Nitapiga tena, bure."

Shangazi akaitazama. "Acha. Hao wengine wamesimama tu. Mimi peke yangu ndiye ninayeishi hapa."

Alifariki mwaka wa pili wa ndoa yetu. Hakuna picha yake nyingine duniani. Wanangu wakiuliza, "Mama, nani huyu asiye na uso?" nawaambia, huyo ndiye aliyecheka, na kwa sababu alicheka, ninyi mpo.

Luka nami tulijiandikisha darasa la watu wazima kanisani, tukakaa benchi moja. Yeye alinishinda hesabu. Mimi nilimshinda kusoma, na karatasi hii niliyoshika nimeiandika kwa mkono wangu, ingawa sehemu ya mafua Raphaeli aliomba nifute nami nimesahau kufuta.

Sitawadanganya kwamba tangu siku ile Mzee Kasiani alilitupa koti. Kazi ni kazi. Lakini alianza kumuuliza kila mteja kabla ya kufungua sanduku: "Unataka picha ya koti, au picha yako?" Wengi walijibu koti. Mtukufu Mwene, sitasema wewe ulijibu nini. Hakulazimisha mtu. Aliyetaka kuonekana bwana mkubwa alimpa ubwana, aliyetaka kuonekana mwenyewe alimpiga kwa uangalifu uleule, na mjane asiyekuwa na kitu alimpiga akamwambia atalipa mvua zikinyesha kuelekea juu.

Mzee Kasiani, kwa niaba ya wateja wote, wa mbele na wa nyuma ya vibanio, nasema umetutendea wema. Siku ile ulipoingia sebuleni na kupiga magoti, ulikuwa unaweza kuondoka. Sikuwahi kukushukuru kwa maneno, kwa kuwa nilikuwa nimefunikwa. Leo sijafunikwa. Ahsante.

Fundi wa Itaka ametutengenezea kiti cha mninga, chenye mahali pa kuegemea mgongo na mahali pa kupumzisha mikono. Miaka ishirini na mitano umetukalisha sisi, wewe umesimama juani. Nanyi mlioketi kunisikia mpaka mwisho, bila hata mmoja kutoka kinyumenyume, Mungu awarudishe salama majumbani kwenu. Nawashukuru kwa masikio yenu.

Mzee wetu, kiti hiki hapa. Karibu ukae.