Fundi Sikio Anarudi Nyumbani kwa Usukani Nilioufunga Mimi

Leo, Ijumaa tarehe 30, saa kumi kamili jioni, Fundi Sikio anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu miaka thelathini na miwili. Kamati ya sherehe ilitafuta mwenye kalamu, ikaniangukia mimi. Haikukosea. Shule niliiacha njiani, lakini nimeshika spana katika miji minne na bado sijaona wa kunifikia kwa maneno. Leo tu ndiyo maneno yananigomea. Sababu mtaiona mbele.

Alipoajiriwa, kazi yake ilikuwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Mwaka wa pili wakamkuta kasimamisha bisibisi ndefu juu ya pampu ya usukani, mpini kaubana sikioni, macho kafumba. Wakacheka, wakidhani kasinzia wima. Akasema beringi imekwisha. Walipofungua, imekwisha kweli. Jina la Sikio likaanzia hapo. Lile la kwenye kitambulisho analijua mhasibu na mkewe tu.

Magari ya zamani ndiyo yake. Linaletwa gari kuukuu, usukani mzito hadi dereva anatoka jasho kwenye kona. Sikio anafungua pampu, anabadili sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isivuje, kisha anatoa upepo kwenye mabomba: injini imezimwa, usukani kushoto, kulia, mara ishirini, bila papara. Akimaliza, unageuza kwa kidole kimoja.

Kanuni yake ni moja: gari likienda kujaribiwa, aliyefunga usukani naye anapanda. Kanuni hiyo imewafanya wengi hapa kuwa wacha Mungu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa najisifu kuliko nilivyojua kufunga, nikaiweka sili kinyume. Tulipofika kwenye mzunguko ulio karibu na hospitali, Sikio akiendesha, oili yote ikamwagika, usukani ukakaza ghafla, na lori hilo linakuja. Aliuvuta kwa mikono miwili na goti hadi tukapanda ukingoni. Mimi nilisali sala zote, hata za dini zisizo zangu. Yeye alifuta jasho, akaniambia, "Mdogo wangu, mdomo wa sili unatazama oili. Huo wako ndio ufunge."

Sasa, Jumanne ya wiki hii Sikio alinikabidhi funguo za gari la shemeji yetu, yaani mkewe. La bluu, lina umri mkubwa kuliko kitinda mimba wao, pampu inalia na kuvuja. Akakaa pembeni na kikombe chake cha chai, hakugusa hata spana. Nimeifungua pampu ile mara tatu: mara ya kwanza kuitengeneza, mara mbili kuhakikisha tu kwamba mdomo wa sili umetazama kunakotakiwa.

Sherehe ikiisha, shemeji ataendesha, Sikio pembeni yake, wajukuu wawili nyuma, na njia ni kwenye mzunguko ule ule. Nilimwambia napanda, ndiyo kanuni. Akakataa. Akasema kanuni ile aliiweka kwa ajili ya mafundi anaowatilia shaka. Nikamshukuru. Tangu hapo kila nikipita nainama kutazama kama kuna tone la oili chini ya gari.

Kaka, karakana nzima inakushukuru kwa mikono yako na kwa hilo sikio. Kapumzike, ule vizuri, ulale hadi jua lipande, na siku zako zote ziwe nyepesi. Ila nakuomba sana, mkifika nyumbani, nipigie simu kabla hujavua viatu.