Kasiani Lusungu: Uso Kabla ya Kisu

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bwana Kasiani Lusungu anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika hospitali yetu. Aliajiriwa kupaka rangi kuta za wodi. Daktari mmoja alimkuta akimchora mgonjwa kwenye boksi la glovu, na kuta zikapewa fundi mwingine.

Kazi yake ikawa kumwonyesha mgonjwa wa taya, kwa penseli, sura atakayoamka nayo baada ya uvimbe kuondolewa. Aliketi kwanza na daktari, akauliza ni mfupa upi utakaotoka. Kisha akaketi na mgonjwa. Mgonjwa aliruhusiwa kusahihisha nyusi, kilemba, hata kovu la utotoni. Shavu, hapana: litakaloporomoka lilichorwa limeporomoka. Alipenda kujitania kwamba kati ya wachoraji wa Temeke nzima ni yeye tu ambaye hakuna mteja aliyewahi kutundika kazi yake sebuleni.

Mwaka 2016 alilazwa Filomena, muuza nyanya wa Tandale, akiwa na uvimbe uliokuwa bado unatibika. Aliogopa upasuaji. Dkt. Benjamin Kamugisha, aliyeongoza jopo, aliomba ichorwe picha ya kumtia moyo. Kasiani alichora iliyo kweli. Filomena aliitazama, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Kaka Kasiani, nyanya zangu zinanunuliwa kwa huu uso. Huyu wako atamuuzia nani?"

Akarudi nyumbani.

Masika yalipokwisha aliletwa akiwa hawezi kumeza, na upasuaji haukuwezekana tena. Kikaoni Dkt. Kamugisha alisema waziwazi kwamba kinachomuua ni penseli. Kasiani alitoka kikaoni. Alikwenda kukaa kando ya kitanda, na Filomena akamwambia kwa taabu, "Ungenidanganya hata kidogo, kaka'angu." Alifariki wiki hiyohiyo.

Kasiani aliendelea kuchora kwa miaka mingine tisa, bila kulegeza mstari hata mmoja. Idara haijakubaliana hadi leo iwapo alikuwa sahihi, na wasifu huu hauna mamlaka ya kuamua. Unachoweza kushuhudia ni hiki: wapo waliokataa, kama Filomena; na miongoni mwa waliokubali, bandeji zilipofunguliwa na kioo kikaletwa, hakuna aliyeuliza huyu ni nani.

Bwana Kasiani, tunakushukuru. Nenda Gongo la Mboto kwa mkeo Bernadeta. Tunakuombea afya, usingizi, na nyuso zisizokudai neno lolote.