Mpokea Maziwa Hakuwa Mlevi

Marehemu, ambaye wengi wenu hapa mlimwita Pua, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa mchunga ng'ombe na mshona magunia. Tangu utotoni alikataa chakula kilichoanza kuchacha kabla hakijatengwa. "Wewe mtoto una pua ya balaa," mama yake alikuwa akimwambia, naye akaona fahari.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971 na sekondari mwaka 1975, kisha akasomea ukaguzi wa maziwa kwa miaka miwili. Cheti chake kimefungwa kwa nailoni hadi leo.

Tarehe 2 Mei 1979 aliajiriwa na kiwanda cha maziwa, upande wa mapokezi. Kila asubuhi alifunua keni za maziwa zilizoletwa, akanusa mfuniko, akasema "pita" au "rudi". Hakubembelezeka. Mfugaji mmoja aliyebisha aliambiwa, "Ng'ombe wako kala vitunguu jana, kaangalie." Akaenda, akakuta tuta zima limeliwa.

Tarehe 10 Desemba 1983 alifunga ndoa na binti wa mfugaji, ambaye marehemu alikwisha kumrudishia keni mara mbili. Mkewe husema ile ya pili hajaisamehe. Walijaliwa mabinti wawili.

Yanayofuata, binti mkubwa aliyeandika wasifu huu ameyaandika kwa kinyaa, na hataki kuyapamba.

Tarehe 9 Juni 2008 marehemu alipitisha keni iliyochacha. Maziwa ya tangi zima yakakatika. Mabonge yakaziba mabomba, na uvundo ukakaa mapokezi wiki nzima. Yeye alisimama katikati yake akiuliza kwa nini watu wanashika pua. Meneja aliona pia kwamba anaburuta mguu. Hakumpeleka kwa daktari. Aliandika "ulevi kazini", akamfukuza, na barua akaibandika getini ili kila mleta maziwa aisome.

Na nyumbani je? Kila jioni binti mkubwa alimsogelea baba yake kama anayemsalimia, akamnusa mdomo. Hakusikia pombe. Akamwambia mama, "Anatafuna kitu cha kuificha." Baba alijua ananuswa. Baadaye alikuwa akiachama mwenyewe, bila kuambiwa, akisubiri amalize.

Mkono ulianza kutetemeka mwaka 2010. Mwaka 2014 daktari wa neva alisema ni ugonjwa wa Parkinson. Alieleza kwamba ndani ya seli za ubongo kuna protini iitwayo alfa-sinukleini. Kwa mgonjwa hujikunja vibaya, ikashikana na kufanya mabonge, na seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kwenda unavyotaka, zinakufa. Kwa nini huanza, alisema, bado wanatafuta.

"Kwa hiyo imekatika, kama maziwa?" baba akauliza.

"Karibu hivyo, mzee. Na hatujui namna ya kuirudisha."

"Na pua?"

"Kwa wengi pua hutangulia. Miaka mingi kabla ya mkono."

Baba akageuka, akamtazama binti yake.

Alifariki tarehe 2 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 66. Koo lilikuwa limeshindwa kumeza sawasawa, chakula kikaingia mapafuni, akapata nimonia. Aliomba jambo moja tu: kwa kuwa barua ile ilisomwa hadharani, isomwe hadharani pia kwamba hakulewa.

Asubuhi hii kiwanda kimeleta shada lenye utepe, "Mtumishi wetu mwaminifu". Limerudishwa, limewekwa getini kwao, pale pale ilipobandikwa barua. Binti alipomaliza kuandika habari za kiwanda, alimsomea mama yake. Mama akasema, "Mbona umeishia kwao? Utuandike na sisi." Ndiyo maana habari za nyumbani zimo.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na dada yake mkubwa. Hakulewa, hata siku moja. Apumzike kwa amani, mahali ambapo hakuna atakayemsogelea kumnusa.