Muuguzi Aliyeshona Tumbo la Khanga

Baada ya miaka ishirini na minane ya uuguzi, Ndugu Secilia Hoza anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1975. Mrithi wake hajafika. Tunaambiwa yuko njiani, na njia ya huku Mtae tunaijua. Mimi Marta, mkunga wa zahanati hii, ninaandika huku nikichungulia barabara.

Alianzia hospitali ya misheni, akaja kwetu baada ya Uhuru. Kutulia hajui. Chai huinywa amesimama, mguu mmoja uko nje. Mwenyekiti wa kijiji akimwona kwa mbali hutafuta jembe, hata siku isiyo ya shamba la ujamaa.

Kisomo cha watu wazima kilipoanza, aliombwa kufundisha safari ya chakula mwilini. Siku ya gulio akachukua tumbo la mbuzi machinjioni, akalipasua mbele ya darasa na kuonyesha chumba baada ya chumba. Watu walifurahi mno. Hakusema kwamba vyumba vinne ni vya mbuzi, na mtu ana kimoja tu. Alidhani wafugaji wanajua. Mzee Athumani, balozi wetu wa nyumba kumi, aliyekuwa akiumwa tumbo siku nyingi, alirudi kwake akiamini kwamba naye ana maghala manne. Akaanza kula mara moja kwa siku, akishindilia, na maumivu yakizidi anatafuna aspirini ya dukani bila kutia kitu tumboni.

Masika yale akatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Majirani wakanong'ona kwamba amelishwa sumu. Secilia alijua ni damu iliyokwisha kuunguzwa na asidi ya tumbo. Magari hayakuweza kupanda kwa matope, basi mzee akabebwa kwa machela kuteremka mpaka Land Rover ya hospitali ya Lushoto ilipokwama, Secilia ubavuni, akimkatalia hata tone la maji, kwa kuwa tumbo linalovuja damu halitiwi kitu kabla ya daktari kuliona. Rehema, mke wa mzee, alilia njia nzima akimwita Secilia katili. Secilia naye alilia, ila mwendo hakupunguza.

Mzee Athumani alipona Lushoto. Secilia hakujisamehe. Alikata khanga zake mwenyewe akashona tumbo la mtu: mfuko mmoja tu, tabaka la kwanza limesimama wima, la pili linazunguka, la tatu limekwenda mshazari, kwa kuwa ndivyo misuli inavyokanda chakula. Ndani akatia makunyanzi na kupaka mlenda, mfano wa ute unaokinga ukuta usiunguzwe na asidi ya tumbo lenyewe. Akajaza ugali na maji ya ndimu, akafunga juu na chini, darasa likakanda mpaka ugali ukawa uji. Hapo akalegeza kamba ya chini, uji ukatoka kidogo kidogo, kama unavyoingia utumbo mdogo. Aliyekanda kwa nguvu kuliko wote alikuwa Rehema.

Mama Secilia, ahsante sana. Tunakuombea afya na mapumziko mema, ingawa mapumziko tunajua yatakushinda. Angalau ule kwa wakati. Sisi mioyo haijatulia. Ipo siku ataletwa mgonjwa mwingine, na mke mwingine atatulilia tumpe maji. Tunaogopa. Lakini kesho saa mbili asubuhi mlango utafunguliwa, na mtu wa kusema hapana nitakuwa mimi.