Bi. Kulusumu Swaliki na Shamba la Kijani la Petta

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Ushirika wa Mavuno Mpakani, Bi. Kulusumu Swaliki anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Siku hii tuliijua. Hatukuingojea kwa hamu.

Alizaliwa Busia katika familia ya wasafirishaji, na jamaa zake walidhani ataishia kwenye malori na forodha. Yeye akachagua mahindi na muhogo. Alianza kama afisa kilimo katika eneo la Osukuru, akizunguka kwa baiskeli iliyopiga kelele kiasi kwamba wakulima walimwandalia chai kabla hajafika.

Mwaka 2019 ushirika uliponunua droni ya kupiga picha za mashamba kutoka angani, wengi wetu tuliogopa kuiangusha. Bi. Kulusumu, mwenye miaka hamsini na minne, akaomba afundishwe kwanza. Siku aliyoirusha katika kijiji cha Kisoko, kuku walidhani ni mwewe wakajificha chini ya maghala, na tangu hapo hakurusha bila kupita kwanza kuwaomba radhi wenye kuku. Ni picha zake zilizoonyesha viwavijeshi mapema, na Kisoko ikavuna mwaka ambao majirani walikosa.

Lakini yeye mwenyewe, akiulizwa kuhusu droni, haanzi na Kisoko. Anaanza na kijiji cha Petta.

Katika picha zile, mmea wenye afya huonekana kijani, unaougua huwa wa njano au mwekundu. Msimu mmoja wa mvua, shamba la Mzee Owori, mjane aliyeishi peke yake, lilitoka kijani kabisa. Bi. Kulusumu alifurahi, akatupeleka kwenye mashamba mekundu. Wiki kadhaa baadaye jirani wa mzee alifika ofisini kwa bodaboda. Mzee alikuwa amepigwa na kiharusi kabla ya palizi. Kijani kile kilikuwa magugu, yamefunika mahindi yote.

Nilikwenda na Bi. Kulusumu siku hiyo. Mzee alikuwa kwenye mkeka, upande mmoja wa mwili umepooza, akihudumiwa na huyo jirani kila alipopata nafasi. Alimtambua mgeni wake, akasema taratibu:

“Mama, ile ndege yako nilisikia. Nikasema, Kulusumu ameona, atakuja.”

Bi. Kulusumu alimshika mkono, kisha akatafuta gari la kumpeleka hospitali Tororo. Jumamosi tuliingia shambani na majembe, tukaokoa mistari michache ya mahindi. Mzee Owori aliishi hadi Desemba ya mwaka huo. Alipozikwa, Bi. Kulusumu alisimama nyuma ya watu wote.

Tulimwambia kwamba hakuna mashine inayotofautisha magugu na mahindi kwa rangi tu. Alikubali, lakini hakufarijika. Tangu hapo, kila droni inapotua, shamba la kijani nalo hutembelewa kwa miguu. Wakubwa walilalamika kwamba kazi inachelewa. Akazitoa Jumamosi zake mwenyewe. Kwa njia hiyo alimkuta mkulima Anjeline wa Kisoko na homa ya siku nyingi, akamfikisha hospitali kabla hali haijawa mbaya. Leo Anjeline analima.

Bi. Kulusumu aliomba abaki msimu mmoja zaidi, kwa kuwa Petta bado haijamalizika kupigwa picha. Sheria ya umri haikuruhusu. Wiki iliyopita alimkabidhi droni Fidel, kijana anayechukua nafasi yake, akamwambia neno moja tu: “Ukimaliza kurusha, piga hodi.”

Bi. Kulusumu, ahsante kwa mavuno, na kwa maumivu uliyoyageuza kuwa desturi yetu. Mungu akupe afya na mvua ya wakati wake kwenye karanga zako za Osukuru. Tukipita huko hatutaridhika kuona shamba limestawi. Tutaingia ndani tukujulie hali.

Marion Imalingat
Kwa niaba ya wafanyakazi wa Idara ya Afya ya Mimea